Matanga ya Bibi Nora

Mwezi uliopita kijana wa Eileen alinipigia simu, nikiwa nachambua mchele jikoni kwangu hapa Burnsville, ughaibuni, akaniambia mama yake amefariki asubuhi ile akiwa na karibu miaka tisini. Nilimpa pole, nikamuuliza kama amekula, nikakata simu, kisha nikakaa pale pale mezani na sinia mbele yangu. Ajabu ni kwamba sikumkumbuka Eileen wa miaka hii ya mwisho, aliyekuwa akija Jumapili na mikate ya zabibu na kuwafundisha wajukuu zangu kucheza karata. Nilimkumbuka Eileen wa mwaka ule mmoja, katikati ya miaka ya tisini, amesimama kwenye mlango wa jiko la mama yake kule Saint Paul, koti bado mwilini, ananiambia, “Tafadhali usimjaze mama yangu mambo hayo.” Watu waliotujua miaka ya baadaye walidhani tulipendana tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo. Tulikutanishwa na msiba, na kabla ya msiba hatukupatana hata kidogo.

Mwaka ule kwangu ulianza na barua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nasomea uuguzi jioni, nakaa Fridley katika chumba cha kupanga pamoja na Wanjiru, Mkenya wa Nyeri aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Tulikuwa na zulia la rangi ya uji, meza ya kukunja, na dirisha lililotazama magari yaliyofunikwa na theluji. Barua ya kaka yangu ilikuwa imetembea siku kumi na saba kutoka Tabora. Aliandika kwamba mama aliugua Jumatatu, akafa Alhamisi, wakamzika Jumamosi, na simu ya misheni ilikuwa mbovu wiki nzima. Niliisoma nimesimama, viatu vya theluji bado miguuni, na kabla sijafika mwisho sauti ilikuwa imeshanitoka. Kwetu Unyamwezini mwanamke akipata habari ya msiba halii peke yake kimya kimya. Anapiga yowe, na yowe lile linatafuta la pili. Jirani akilisikia analipokea, naye wa tatu analichukua kwake, hata kijiji kizima kijue kwamba kuna mtu ametutoka. Mimi nilipiga yowe mle ndani, la kwanza, la pili, la tano. Hakuna aliyelipokea. Baada ya dakika kumi mlango uligongwa, na walikuwa polisi wawili, vijana wenye adabu, wakiuliza kama kuna mtu ananipiga.

“Hapana,” Wanjiru aliwajibu kwa Kiingereza, ameniweka nyuma yake. “Mama yake amekufa.”

Mmoja alivua kofia, akasema pole, kisha akatuomba kwa upole tupunguze sauti kwa ajili ya majirani. Mlango ulipofungwa Wanjiru alinikumbatia. “Aki Nyamizi, pole. Lia tu, lakini pole pole. Wametu-report, unaona?” Nilitikisa kichwa kukubali. Niliimeza ile sauti, na nilivyoimeza haikurudi tena. Sikulia usiku ule wala wiki ile. Kwenda nyumbani haikuwezekana pia. Karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa uhamiaji, na mtu akitoka nchini katika hali ile alikuwa amejifungia mlango mwenyewe. Jumapili wenzetu walikuja kutufariji, Wakenya, Watanzania na Mganda mmoja, wakaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini kabisa, kama watu wanaomwimbia mtoto asiamke. Tulikula pilau na chapati. Ni katika maongezi ya baada ya chakula, nikiwa naosha sahani, ndipo nilipomsikia mama mmoja akisema sebuleni kwamba kuna bibi wa Kiairishi kule Saint Paul anahitaji mtu wa kukaa naye mchana, ila watu watatu wameshamkimbia kwa sababu ya mdomo wake. Nilitoka na kitambaa mkononi nikaomba namba ya simu.

Bibi Nora alikuwa na miaka themanini na sita, moyo wake umechoka, miguu imevimba, na macho ya kijivu yasiyokuwa na uzee wowote. Alizaliwa magharibi ya Ireland, akaja Saint Paul akiwa msichana kufanya kazi ya ndani kwenye nyumba za matajiri. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya mbao, nyembamba, na maisha yake yote yalikuwa jikoni: jiko la gesi, kochi alilolihamisha kutoka sebuleni akaliegemeza karibu na bomba la joto, saa ya ukutani yenye mlio mkali, na picha ya Moyo Mtakatifu juu ya jokofu. Kwenye mlango wa jokofu Eileen alikuwa amebandika orodha: saa za dawa, chumvi marufuku, maji kiasi gani. Eileen alikuwa mwalimu mstaafu, anakaa Saint Louis Park, na kila siku saa tisa alasiri aliingia, akasoma orodha, akanitazama, akaisoma tena. Kila Jumanne alikuja pia mzee mmoja aitwaye Packy, aliyefanya kazi reli miaka arobaini, mtoto wa kijiji kimoja na Nora, kucheza naye karata. Waliibiana waziwazi na kutukanana kwa Kiairishi. Mimi niliona aibu kumwita mtu wa umri ule Nora, kama alivyotaka, kwa hiyo nilimwita Bibi. Aliuliza maana yake, nikamwambia, akasema basi atavumilia.

Wiki ya tatu nilikuwa kwenye sinki, yeye kwenye kochi lake. Ghafla akasema, “Nani amekufa?”

“Kwa nini unauliza, Bibi?”

“Unaosha vikombe kama mtu anayeogopa kuvisikia.”

Nikamweleza. Akauliza, “Ulimlilia?” Nikasema nilianza, polisi wakaja. Alinitazama kwa muda, uso umekaza, kisha kicheko kikamtoka puani. Akajizuia, akaomba radhi, kikamtoka tena. Nilitaka kukasirika, lakini niliona jinsi alivyokuwa akijitahidi kukizuia, na mimi nami nikacheka, mikono yote miwili ndani ya povu. Lilikuwa jambo la kwanza kunitoka tangu barua ile. “Kaa chini,” akasema. “Weka chai. Chai ya kweli, ambayo panya anaweza kutembea juu yake asizame.”

Siku ile, na siku nyingi baada ya ile, alinieleza walivyozika kwao. Bibi mzaa mama yake alikuwa mwanamke wa kilio, aliyeitwa kila kijiji palipokuwa na maiti. Mtu akikata roho walifungua dirisha ili roho ipite, wakasimamisha saa, wakafunika kioo. Walimwosha marehemu na kumlaza kwenye meza au kitanda katika chumba kile kile alichoishi, na hakuachwa peke yake hata dakika moja. Ilikuwa mwiko kulia kabla hajalazwa vizuri, kwa kuwa kilio cha haraka huamsha mbwa wa shetani waliolala njiani. Akishalazwa, ndipo bibi yake alipoingia, nywele amezifungua, akapiga magoti, akaanza kumsifu na kumlaumu marehemu kwa jina lake: kwa nini umetuacha na viazi havijachimbwa, nani atapanda farasi wako. Na mwisho wa kila fungu wanawake wote waliitikia kwa yowe moja. Mapadri walilikataza jambo lile. Bibi yake alimjibu padri kwamba yeye amsomee marehemu Kilatini chake, naye atamsomea chake, na Mungu ataamua kipi amekisikia.

“Na wanaume?” nikauliza.

“Wanaume walikuwa chumba cha pili wakicheza.” Aliona uso wangu. “Ndiyo, wakicheza! Tumbaku kwenye sahani, pombe, vitendawili. Walikaa duara, magoti juu, wakapitisha kiatu chini ya magoti, na aliyekuwa katikati akitafuta alipigwa nacho mgongoni. Mmoja alijifanya padri akafungisha ndoa za uongo. Niliwahi kuona maiti amegawiwa karata. Alishinda.”

Alinitazama kuona kama nimechukizwa. Mimi nilikuwa nimesimama, nimelisahau birika mkononi, kwa sababu nilikuwa naujua mchezo ule. Nikamsimulia habari za watani. Nikamwambia kwamba kwetu ukifiwa, watu wa kabila la utani wako wana haki ya kuja msibani kwako kufanya vituko, na huwezi kuwakasirikia. Nikamsimulia fundi cherehani wa Kizaramo, Kondo, aliyekuja kwenye msiba wa babu yangu, akavaa koti la marehemu, akachukua fimbo yake, akazunguka uani akikohoa kikohozi chake kile kile na kumuuliza bibi yangu kwa nini uji umechelewa. Siku ya kuzika alilala kifudifudi katikati ya njia, akazuia jeneza lisipite mpaka apewe jogoo. Bibi yangu alicheka hadi akashika ukuta, machozi yanamtiririka, na nadhani ndiyo siku aliyokubali kwamba babu amekwenda. Nora alinisikiliza kinywa wazi. “Alipewa jogoo?” Nikamwambia alipewa, ila mwembamba. Akapiga kochi kwa kiganja. “Basi wewe na mimi ni watani,” akatangaza, na kuanzia siku ile hakunionea huruma. Supu yangu isiyo na chumvi ilikuwa imepikwa na adui. Kanga yangu ilikuwa pazia lililotoroka. Mimi nami nilimwambia kwamba Waairishi wamevumbua namna mia moja za kuharibu kiazi. Sijui kama nilimtunza au alinitunza. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi nilipanda mabasi mawili kutoka Fridley nikiwa na hamu ya kutukanwa.

Eileen aliyaona mabadiliko, na hayakumpendeza. Alitukuta tukicheka habari za maiti, mama yake mwenye moyo mbovu akiwa amewiva uso kwa kicheko. Ndipo aliposimama mlangoni na koti lake, akaniambia lile neno la kutomjaza mama yake mambo. Nilijibu, “Sawa, mama,” kwa heshima, na usiku nilimwambia Wanjiru kwamba nitafukuzwa. Wanjiru alikuwa anakula ugali na sukuma, amevaa sare ya kazini. “Usijali. Huyo mzee ame-decide ni wewe. Hiyo kazi ni yako mpaka aende.” Lakini mwezi wa tisa niliwasikia wakigombana, mimi nikiwa ghorofani natandika kitanda, sauti zao zikipanda kupitia tundu la bomba la joto.

“Nikifa nataka kulala sebuleni kwangu siku moja, watu wanizunguke. Basi,” alisema Nora.

“Mama, kuna watu kazi yao ndiyo hiyo ya kuandaa maiti. Wana chumba kizuri.”

“Najua wapo. Mimi nataka wangu. Na nataka mtu alie.”

“Ulilia mara moja kwa ajili yetu sote,” Eileen akajibu. “Ilitosha.”

Baada ya hapo nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni kwa muda mrefu mno. Sikuelewa maana ya sentensi ile. Niliposhuka, Eileen alikuwa ameondoka, na Nora alikuwa ametazama dirisha. Akaniuliza bila kugeuka kama nitamlilia. Nikamwambia ukweli, kwamba sauti yangu imekauka. Kama sikuweza kumlilia mama aliyenizaa, yeye nitamlilia na nini? “Haiji kwa kuitwa,” akasema. “Lakini pia usikae mlangoni kuizuia.” Kisha akataka kujua kama adui amebakiza supu.

Alikufa mwezi wa kumi na moja, mchana, theluji ya kwanza ikianguka nyembamba kama unga unaochekechwa. Alikuwa kwenye kochi lake. Aliniomba maji, nikamgeukia na glasi, na alikuwa ameshaondoka. Nilishika mkono wake hadi nilipohakikisha, nikawapigia simu waliopaswa kujua, nikampigia Eileen. Halafu nikafanya aliyonifundisha. Nilimfuta uso kwa maji ya uvuguvugu. Nilifungua dirisha. Nilipanda kwenye kiti nikasimamisha saa, na ukimya ulioingia jikoni baada ya mlio ule wa miezi tisa ulinishtua kuliko kifo chenyewe. Eileen alifika akihema. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akasimama, na baridi ikampiga. Aliona dirisha. Alikwenda moja kwa moja kulifunga, akashika fremu kwa mikono miwili, na pale akakwama. Theluji ilimwangukia kwenye mikono ya koti.

“Kwa muda gani?” aliuliza, amenipa mgongo.

“Alisema kwa saa mbili. Ili apite.”

Hakulifunga. Alivuta kiti, akakaa karibu na mama yake, koti limefungwa hadi shingoni, na tukakaa watatu katika baridi ile. Baadaye akaniuliza mama yake aliniomba nini hasa. Nikamweleza yote, pamoja na kiatu na padri wa uongo. Alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza sababu za mwanafunzi aliyechelewa. Mwisho akasema, “Siku moja. Mchana hadi jioni, watu wakaribishwe kwa heshima. Upuuzi sitaki.”

Kwa hiyo siku ya pili yake jeneza lilirudishwa nyumbani kutoka kwa watu wa mazishi, likawekwa sebuleni kati ya kabati la vitabu na dirisha, mishumaa miwili kichwani. Watu walianza kuja saa nane. Walikuwa kama ishirini, wengi wazee wa parokia, na majirani wachache walioleta bakuli za nyama na viazi vya kuoka na biskuti za mraba zilizokatwa vizuri. Eileen alipanga mikate ya nyama kwenye sahani kwa mistari iliyonyooka. Kila aliyeingia alinong’ona. Walisema anaonekana ametulia, walisema theluji imewahi mwaka huu, walishika vikombe kwa vidole viwili na kutazama zulia. Packy alikaa kiti cha karibu na jeneza, kofia magotini, anajifuta macho kila baada ya muda. Saa kumi na moja giza lilikuwa limeingia na baadhi walikuwa wameanza kutafuta makoti yao. Nilisimama pembeni na birika la chai, nikamtazama Nora. Mwanamke aliyetukana watu maisha yake yote kwa mapenzi alikuwa anaagwa kwa minong’ono na watu wanaotazama saa zao. Na katika chumba kizima mtani wake nilikuwa mimi peke yangu.

Niliogopa sana, sitaficha. Nilikuwa mtumishi, na mtu mweusi pekee katika chumba kile, na nilichotaka kufanya kingeweza kuonekana dharau mbele ya maiti. Niliwaza kwamba Eileen atanifukuza mbele ya watu. Halafu nikamkumbuka Kondo na koti la babu, nikaweka birika chini. Nilikwenda jikoni, nikatoa aproni ya Nora nyuma ya mlango, nikaivaa. Nilirudi nikiburuta miguu kama alivyoburuta yeye, nikakaa kwenye kiti kitupu, nikagonga kikombe kwa kijiko mara tatu, na nikasema kwa sauti yake, “Nani ametengeneza chai hii? Panya amezama!”

Mama mmoja mwenye shanga za lulu alishusha kikombe chake taratibu. Eileen alikuwa kwenye mlango wa jiko, sahani mkononi, uso mweupe kama ukuta. Kisha Packy, bila kuinua kichwa, akasema, “Umeanza, Nora? Hata leo?”

“Na wewe Packy,” nikamjibu, “bado una karata ndani ya soksi?”

Packy aliinua mguu, akavuta suruali, akaonyesha soksi yake kwa watu wote. Kicheko kilianza kwake kikazunguka chumba, na mama wa lulu ndiye aliyecheka zaidi, mkono umefunika mdomo. Baada ya hapo hakuna aliyetafuta koti. Mmoja alikumbuka jinsi Nora alivyomrudishia padri mahubiri yake akamwambia yamepwaya. Mwingine alikumbuka siku alipomfukuza mchuuzi kwa ufagio kisha akamwita anywe chai. Packy aliagiza viti viwekwe duara, blanketi likatandazwa juu ya magoti ya wazee, na kiatu cha Nora cha kahawia kikaanza kupita chini yake. Nilikuwa wa kwanza kuwekwa katikati. Nilipigwa nacho mgongoni na mtu wa miaka themanini na nne, na sijawahi kupigwa nikafurahi namna ile. Halafu Packy akavaa kitambaa cha meza mabegani, akafungisha ndoa yangu na kapera mmoja kiziwi ambaye kila alipoulizwa kama amenikubali alijibu, “Asante, nimeshakula.”

Nilipotazama mlangoni Eileen hakuwepo. Nilimkuta jikoni, ameketi kwenye kochi la mama yake, sahani ya mikate bado mapajani. Nikaanza kuomba msamaha. Alinizuia kwa mkono.

“Nilikuwa na mdogo wangu, Danny,” akasema. “Alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka sita. Mimi nilikuwa na tisa. Mama alilia kwenye ngazi za kanisa, kwa Kiairishi, nywele wazi. Watu wazima walitazama pembeni. Jumatatu watoto shuleni waliniiga uwanjani, wakilia kama yeye, wote kwa pamoja. Nikarudi nyumbani nikamwambia asilie tena hivyo mbele ya watu.” Alisogeza mkate mmoja kwenye sahani. “Na hakulia tena. Baba alipokufa hakulia. Miaka hamsini, Nyamizi. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo.”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikamwambia jambo moja tu nililokuwa nalo, kwamba mama yangu alifariki mwezi wa pili na mimi sijamlilia. Alinitazama, kwa kuwa miezi tisa nilifanya kazi nyumbani kwao na hakuwa akijua. Akaweka sahani sakafuni, akasimama, akanishika kiwiko, nasi tukarudi sebuleni. Watu walituona wakaacha kucheza, si kwa woga sasa. Nilipiga magoti mbele ya jeneza, nikaweka kiganja juu ya mbao, nikiwa na nia ya kusema kwaheri. Kilichotoka ni “Mayo.” Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kinyamwezi. Nikajisikia nikiita tena, Mayo, Mayo, na la tatu lilikuwa yowe, lile lile la Fridley, limepasuka kutoka mahali nilipolizika. Nilimlaumu mama kwa kuondoka mimi nikiwa mbali. Nilimlaumu Nora kwa kuniomba maji asiyasubiri. Sikujua tena namlilia yupi. Nilipokatika pumzi kulikuwa na ukimya, na nilifahamu ukimya ule. Kisha kando yangu, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa miaka mingi, Eileen akapokea. “Ochone,” alilia, neno la kilio la mama yake, akalirudia, akalinyanyua, na nyuma yetu Packy na wazee wawili watatu waliolijua tangu utoto wakalichukua kwa minong’ono mizito. Eileen alikuwa amenishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba kesho yake vidole viliniuma.

Tulimzika asubuhi ya baridi kali, theluji inalia chini ya viatu. Eileen alinirudisha Fridley kwa gari lake. Aliegesha mbele ya jengo letu, akazima injini, akauliza, “Mama yako aliitwa nani?” Nikamwambia. Alilitaja jina lile mara mbili ili alishike vizuri, kisha akaniuliza mama alipenda kupika nini, alicheka vipi, alikuwa mfupi au mrefu. Tulikaa ndani ya gari lile hadi vioo vikafunikwa na mvuke, na Wanjiru akateremka kuangalia kama niko salama, akapandishwa kiti cha nyuma, akasikiliza naye. Nimewashukuru watu wengi maishani kwa mambo makubwa, vyeti, kazi, nyumba. Lakini ninapohesabu neema zangu naanzia kwenye gari lile.

Karatasi zangu zilitoka kabla ya Krismasi. Mwezi wa kwanza, mwaka wa msiba haujatimia, nilishuka kwenye treni Tabora na kwenda nyumbani Urambo. Kwetu anayefika amechelewa hulia tangu njiani, na mimi nililia tangu nilipoliona paa, na wanawake walitoka kunipokea kwa kilio hadi kaburini. Baadaye tulikaa uani tukala ugali na mlenda wa karanga. Mama mkubwa Kabula, dada yake mama, aliniuliza, “Huko ulilia na nani, mwanangu?” Nikawasimulia habari za Nora, chai yake, kiatu, Packy na soksi. Walicheka, wakapiga makofi, wakataka nirudie yule kapera kiziwi.

“Na bibi huyo mlimlilia wangapi?” mama mkubwa akauliza.

“Watu walikuwa ishirini, mama. Ila tuliolia kwa sauti ni mimi na binti yake. Wengine walituitikia chini chini.”

“Wawili!” Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. “Mtu mzima, ana nyumba, ana mtoto, analiliwa na wawili?” Alinawa mikono, akafunga kanga yake kiunoni, akasimama. “Jina lake nani?”

“Nora.”

“Nola,” akasema, na akatoka katikati ya ua, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Nola wee, umetuacha, Nola. Dada zake wakainuka mmoja mmoja wakalipokea, halafu wake wa kaka zangu, halafu mimi, hadi majirani wakaja mbio kutoka mashambani, majembe mabegani, wakiuliza nani tena amekufa.

“Ndugu yetu,” mama mkubwa akawajibu, na akaendelea kulia.